Picha ya DVD imenenepa, imekonda au imekatwa? Mtafute mkosaji hatua kwa hatua

Mama mdogo aliponunua TV ya flati ya inchi 32, hakutaka kuangalia taarifa ya habari wala tamthilia. Alitaka DVD ya harusi yake, ambayo ilikuwa imekaa kabatini miaka mingi, imeviringishwa kwenye kitambaa, tangu TV ya chogo ilipokufa. Tukaunganisha deki, tukakaa. Bwana harusi akaingia ukumbini mpana kama mlango. Mama mdogo akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hivi siku ile nilikuwa mnene kiasi hiki?"

Hakuwa mnene. Kamera ya harusi ilirekodi kwa umbo la zamani la 4:3, yaani upana sehemu nne kwa kimo sehemu tatu, TV mpya ni ya 16:9, na TV ikaamua yenyewe kuivuta picha hadi ijaze kioo chote. Upana ukaongezeka kwa theluthi moja, kimo kikabaki palepale. Hata mtu mwembamba kama mwanzi, ukimwongezea theluthi ya upana ataonekana ameolewa anakokula vizuri.

Tatizo la namna hii halihitaji fundi. Linahitaji rimoti zote mbili, ya deki na ya TV, na kama nusu saa ya utulivu.

Picha hupita mikono mitatu

Kabla ya kufika machoni kwako, picha hupita kwenye diski, kwenye deki, halafu kwenye TV. Kila mmoja kati ya hawa watatu anaweza kubadili umbo lake. Wakielewana, picha inatoka sawa. Wawili wakiifanya kazi moja, au kila mmoja akimtegea mwenzake, ndipo watu wananenepa au wanarefuka kama milingoti. Ndiyo maana sipendi kuona mtu akibonyeza rimoti ya TV ovyo mpaka picha "ikae". Mara nyingi anakuwa ameficha kwa TV kosa lililo kwenye deki. Diski ile itakaa vizuri, atakayoweka baada yake itaharibika, naye atailaumu diski.

DVD ina tabia moja inayofaa uielewe mapema. DVD ya PAL, mfumo unaotumika Tanzania na Kenya, hubeba nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Namba hizo hazibadiliki, iwe picha ni ya 4:3 au ya 16:9. Filamu pana haipewi nafasi kubwa zaidi. Inabanwa ubavuni ili ienee, kisha inawekewa alama inayosema kwamba hii ni pana, ikunjuliwe. Ni kama kanga sandukuni: imekunjwa isafiri, anayeipokea ndiye anayeikunjua. Isipokunjuliwa, watu wanakonda na kurefuka. Na kitu ambacho hakikukunjwa kikikunjuliwa, kama harusi ya mama mdogo, watu wananenepa.

Weusi kwenye kingo za picha si lazima uwe kosa

Nimeshaitwa mara nyingi kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika. Tangu CinemaScope, mfumo wa sinema ya picha pana, ilipoingia mwaka 1953, majumba ya sinema yamezoea picha pana kuliko kioo cha TV ya nyumbani, na filamu nyingi kubwa hadi leo zina uwiano wa karibu 2.39 kwa 1. Kioo cha inchi 32 kina upana wa karibu sentimita 71 na kimo cha karibu sentimita 40. Filamu ya 2.39 ikijaza upana wote, itatumia kimo cha sentimita 30 tu. Basi lazima ubaki mkanda mweusi wa sentimita 5 juu na mwingine chini. Harusi ya 4:3 nayo ikikaa sawasawa itachukua upana wa sentimita 53, ibakize weusi wa sentimita 9 kila upande.

Ukiona weusi wa juu na chini peke yake, au wa pembeni peke yake, na watu wana maumbo ya kawaida, acha hivyo hivyo. Ukiuona pande zote nne, picha imekaa katikati kama stempu kwenye bahasha, hapo kuna la kurekebisha, tutalifikia.

Hatua ya 1: Pima, usikisie

Macho huzoea haraka. Ukikaa dakika ishirini na picha iliyovutika utaiona ya kawaida. Kwa hiyo tafuta kwenye filamu kitu cha duara kinachotazama kamera uso kwa uso: saa ya ukutani, tairi la gari lililopigwa ubavuni, mwezi mpevu. Duara la katikati ya uwanja wa mpira halifai kwa sababu kamera hulitazama kwa mshazari, lazima lionekane kama yai. Simamisha picha kwa Pause, chukua rula.

Kimo kikiwa sentimita 12 na upana 12, huna tatizo la umbo. Kimo 12 na upana 16 maana yake picha ya 4:3 imevutwa ijaze 16:9. Kimo 12 na upana 9 maana yake picha pana imeachwa bila kukunjuliwa. Huna rula? Ukingo wa karatasi unatosha, weka alama mbili kwa kalamu. Alama ziwe kwenye karatasi, jamani. Nimewahi kukuta kioo cha flati kimechorwa kwa peni.

Fanya hivyo kwa diski mbili: moja ambayo una hakika ni pana (filamu za siku hizi huandikwa "16:9" au "Widescreen" nyuma ya kasha) na moja ya zamani, kama harusi au vichekesho vya miaka ya mwanzoni mwa 2000. Andika vipimo vya kila moja. Vitakuonyesha kama kosa linafuata diski moja au lipo kwenye zote.

Hatua ya 2: Anza na deki

Toa diski kwanza. Deki nyingi hukataa kubadilisha baadhi ya mipangilio diski ikiwa inazunguka. Mistari inakuwa ya kijivu na mshale hauishiki. Bonyeza SETUP kwenye rimoti ya deki, utafute mstari unaoitwa "TV Display", "TV Type" au "TV Aspect", kutegemea aliyeitengeneza. Ndani yake utakuta machaguo matatu au manne, na hapa ndipo penye mzizi wa matatizo mengi.

"4:3 PS" huijaza TV ya chogo kwa kukata kushoto na kulia kwa filamu pana. Mtu anayezungumza akiwa pembeni mwa picha anaweza kubaki sauti tupu. "4:3 LB" huionyesha filamu pana nzima ndani ya TV ya chogo kwa kuweka mikanda myeusi juu na chini. "16:9" au "Wide" humaanisha deki imeambiwa kwamba TV ni pana, kwa hiyo inaituma picha kama ilivyokunjwa na kumwachia TV kazi ya kuikunjua.

Kanuni ni moja: iambie deki ukweli kuhusu TV uliyonayo. Una flati, chagua 16:9. Una chogo, chagua 4:3 LB. PS mimi siipendi, lakini kama kioo ni cha inchi 14 na wazee wanalalamika kwamba nyuso ni ndogo, siwezi kukulaumu.

Deki nyingi, hasa zilizowahi kutumika na TV ya chogo, utazikuta bado zipo kwenye 4:3. Ukiiunganisha deki kama hiyo na flati, inaweka mikanda juu na chini, halafu flati inaivuta picha hiyo pembeni. Matokeo yake ni watu wafupi, wapana, na bado kuna weusi mkubwa juu na chini. Ukiona hivyo, usiguse TV kabisa. Kosa ni la deki.

Kama deki yako ina chaguo la nne, "Wide Squeeze" au "Pillar Box", una bahati. Hilo huiambia deki kwamba diski ya 4:3 ikija, yenyewe iweke weusi pembeni badala ya kuiacha ivutwe. Ukilichagua, harusi na filamu mpya zote zitakaa sawa bila kugusa rimoti ya TV tena.

Hatua ya 3: Sasa njoo kwenye TV

Weka diski pana na ushike rimoti ya TV. Tafuta kitufe kilichoandikwa ASPECT, P.SIZE, ZOOM, WIDE au RATIO. Kama hakipo, ingia kwenye menyu ya picha utafute "Picture Size" au "Aspect Ratio". Kwa diski pana chagua 16:9. Pima duara tena. Likikaa sawa, weka diski ya zamani. Duara likivutika, badilisha iwe 4:3. Kama kuna "Auto" au "Original", ijaribu kwa diski zote mbili kabla ya kuiamini, kwa sababu ya jambo linalofuata.

Waya wa njano, ule unaokwenda pamoja na mwekundu na mweupe, ni njia nyembamba. Deki nyingi za bei nafuu hazipitishi humo taarifa ya umbo la picha, kwa hiyo TV inabaki kubahatisha, na "Auto" inakuwa jina tu. HDMI hupeleka taarifa hiyo pamoja na picha. Kama deki yako ina tundu la HDMI na bado unatumia waya wa njano kwa sababu ndio uliokuja kwenye boksi, nunua waya wa HDMI. Nusu ya kero hizi itaondoka, na maandishi yatakuwa makali zaidi.

Ukishatumia HDMI, angalia kama kingo zimeliwa: nusu ya namba ya ubao wa magoli, herufi ya mwanzo ya jina la mwigizaji. Hii ni tabia ya TV iliyorithiwa tangu enzi za chogo, ya kukuza picha kidogo ili kuficha kingo mbovu. Kwa LG chaguo la kuizima huitwa "Just Scan", kwa Samsung nyingi "Screen Fit", kwa Sony "Full Pixel". Usipoliona, hakikisha kweli uko kwenye HDMI, maana mara nyingi halijitokezi ukiwa kwenye AV, yaani waya wa njano.

Zoom na maandishi ya chini

Sasa ile picha ya stempu. Inatokea pale aliyetengeneza diski alipoiweka filamu pana ndani ya fremu ya 4:3 na kuichoma pamoja na mikanda yake myeusi. Deki na flati zikiiheshimu 4:3 hiyo, weusi mwingine unaongezeka pembeni, nawe unaangalia filamu iliyofungiwa katikati. Hapa "Zoom" ya TV ndiyo dawa sahihi, na ni mahali pekee ninapoipendekeza. Inakuza upana na kimo kwa pamoja, kwa hiyo hakuna anayenenepa.

Ila Zoom hula juu na chini, na chini ndiko yanakokaa maandishi ya tafsiri. Kwa filamu ya Kihindi au tamthilia ya Kikorea, ukipoteza maandishi umepoteza kila kitu, unabaki kuangalia watu wakilia bila kujua nani kafa. Jaribu "14:9" kama ipo; inakuza kidogo na mara nyingi huacha mstari mmoja wa maandishi. Baadhi ya TV zinakuruhusu kuisogeza picha juu kwa mishale ukiwa ndani ya Zoom. Zote zikishindikana, bakia na stempu na usogeze kiti karibu.

VCD zile za sinema moja kwenye diski mbili ndizo zenye stempu sana. Hazina hata mahali pa kuweka alama ya upana: nukta ni 352 kwa 288 tu, umbo ni 4:3, basi. Ukizikuza, usitegemee ukali.

Rangi imepotea, au picha inapanda

Huu si ugonjwa wa umbo, ila huja kwa mlango uleule wa mipangilio, kwa hiyo niuweke hapa.

Kama TV ni ya chogo na diski imetoka Marekani, Japani, Korea au Ufilipino, huenda ni ya NTSC, mfumo wa nchi hizo, yenye mistari 480 badala ya 576 ya PAL. Chogo isiyoijua NTSC itaonyesha picha nyeusi na nyeupe, au itaipandisha juu bila kukoma. Kwenye rimoti ya deki tafuta kitufe cha "N/P" au "P/N", ukibonyeze mara moja, usubiri kidogo. Ukitaka suluhisho la kudumu, ingia SETUP, kwenye "TV System" uweke PAL, deki itafsiri yenyewe. Kwa flati fanya kinyume chake: weka "Auto" au "Multi", kwa sababu flati za kawaida huelewa mifumo yote miwili, na baadhi ya deki za bei nafuu hutafsiri vibaya, zikaibana picha kwa kimo au kuacha weusi chini tu.

Kama ni flati na picha ni nyeusi na nyeupe, tazama nyuma. TV nyingi zina tundu moja la kijani linalotumika kwa kazi mbili: waya wa kijani wa "Component" au waya wa njano wa "AV". Ukichomeka wa njano halafu ukachagua "Component" kwenye Source, picha itakuja bila rangi. Chagua AV. Nimeona mtu ametaka kuuza deki kwa sababu hiyo.

Na kuna kisa cha kioo kuzimika. Mtoto amecheza na rimoti, akabonyeza "P-SCAN" au "V-MODE". Sauti ipo, picha hakuna, au imechanika vipande vipande. Deki sasa inatuma picha ya aina ambayo waya wa njano hauwezi kuipitisha. Huwezi kuingia kwenye menyu kwa sababu huioni. Toa diski, bonyeza kitufe kilekile mara moja, subiri sekunde tano, bonyeza tena. Kila mbonyezo hubadilisha aina. Endelea mpaka nembo ya deki irudi. Usibonyeze haraka haraka, utaipita.

Ndugu wa Muscat au London akikutumia diski na deki ikaandika "Wrong Region", hilo nalo si suala la umbo. Oman na Uingereza ziko kanda ya 2, Tanzania na Kenya kanda ya 5. Unahitaji deki ya kanda zote, hakuna kitufe cha picha kitakachosaidia.

Kosa likiwa limechomwa ndani ya diski

Umeweka deki sawa, TV sawa, diski nyingine zote ziko sawa, na hii moja tu watu wake ni wembamba kama ufito. Basi aliyeichoma ndiye aliyekosea. Ni kawaida kwa zile diski za sinema kumi na ngapi kwa moja, ambazo kila filamu imebanwa kwa namna yake, na kwa harusi zilizohaririwa na mtu aliyekuwa na haraka. Diski yenyewe hairekebishiki, utakachobadilisha ni namna ya kuiangalia. Kwa wembamba lazimisha TV iwe 16:9. Kwa unene lazimisha 4:3.

Kama una kompyuta yenye sehemu ya diski, ifungulie kwa programu ya VLC na ubonyeze herufi A. Kila mbonyezo unabadilisha umbo la picha na jina lake linaonekana kwenye kioo: 4:3, 16:9 na kuendelea. Herufi C hukata weusi uliochomwa ndani. Hapo ndipo ninapowapeleka watu wenye harusi, kwa sababu ukishalijua umbo sahihi unaweza pia kuihamisha diski iwe faili kabla haijakwaruzika zaidi, na kumwambia atakayekuhamishia uwiano gani hasa atumie.

Blu-ray sitaiongelea sana. Picha yake ya kawaida ni 1920 kwa 1080, daima ya 16:9, na filamu ya zamani hubeba weusi wake wa pembeni ndani. Ikivutika, mtuhumiwa wa kwanza ni TV.

Ukimaliza, andika kwenye kipande cha karatasi: deki iko kwenye nini, TV iko kwenye nini kwa diski pana, na nini kwa diski za zamani. Kibandike kwa gundi chini ya deki, kwa sababu umeme ukikatika vibaya baadhi ya deki husahau kila kitu.

Kwa mama mdogo nilifanya yote hayo. Deki nikaiweka 16:9, TV nikaiweka 4:3 kwa ajili ya harusi, nikapima keki ya harusi kwa rula mbele yake. Akajiona alivyokuwa kweli, akafurahi, akaangalia mpaka maharusi wanafungua muziki. Wiki iliyofuata nikakuta ameirudisha kama zamani. "Mwanangu," akaniambia, "TV nimeilipia yote, siwezi kuacha pembeni peusi."